Zamu ya Fulvia Deidda

Fulvia Deidda alizaliwa Cagliari, mji wa bandari kwenye kisiwa cha Italia, akakulia humo humo, lakini safari hii aliingia mjini kwao kama mgeni, kitambulisho cha mkutano kikimning'inia shingoni. Mkutano wenyewe ulikuwa wa wataalamu wa maandishi ya kale, wale wanaosoma mawe ya makaburi ya Kirumi na kununiana miaka na miaka kwa sababu ya herufi moja. Ulichukua siku tatu, na hadi Jumamosi nusu ya wataalamu walikuwa wameshahamia ufukweni Poetto na taulo zao. Fulvia alipangiwa kusoma mada yake jioni hiyo hiyo, akawasomea viti. Mbele kabisa alikaa Profesa Malvezzi, bosi wake, na kando yake Ginevra, mtafiti kijana aliyerudi majuzi kutoka Ujerumani.

Miaka kumi na tano Fulvia alikuwa chini ya Malvezzi kwenye chuo kimoja cha kaskazini, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Alimsahihishia mitihani, alimwandikia dibaji, alimbebea mkoba. Anayejua mambo ya vyuo vya Italia hashangai. Nafasi ya kudumu hutangazwa kwa ushindani, ndiyo, tena gazetini, na watu huleta vyeti vyao. Lakini kila mtu anajua mapema ni ya nani, maana tangazo limekatwa kwa vipimo vya mtu mmoja kama suti kwa fundi. Kazi yako wewe ni kungoja zamu yako. Na ole wako uombe ya mwenzio!

Miaka minne nyuma ilitangazwa nafasi huku kisiwani, karibu na mama yake. Malvezzi akamwambia, "Ile ina mwenyewe. Usinitie aibu. Yako inakuja." Basi Fulvia hakuomba. Kumbe yule mwenyewe dakika za mwisho akaghairi, akaenda zake Uhispania, nafasi ikachukuliwa na mtu ambaye hakuna aliyemtaraji, eti kwa sababu yeye aliomba tu! Mcheke Fulvia ukitaka. Katika watu wa kazi ile, hakuna ambaye angefanya vingine.

Sasa zamu ilikuwa yake. Malvezzi anastaafu mwakani, Fulvia ana miaka arobaini na sita, na asipopata safari hii hapati tena. Hilo alilijua yeye, na mtaa mzima wa Villanova ulilijua, maana mama yake, Bonaria, hakuwa na habari nyingine ya kusimulia.

"Profesa wako atakula kwangu Jumapili," Bonaria alisema. "Mtu amekushika mkono miaka yote hiyo, halafu ale hotelini kama yatima? Watu watatusemaje?"

Akashinda siku mbili jikoni akitengeneza culurgiones, vile vifuko vya unga vya viazi na mnanaa, akivifunga kimoja kimoja kwa vidole hadi vikafanana na masuke ya ngano.

Jumapili Fulvia alimpitia Malvezzi hotelini. Walipita bandarini, upepo wa kusini ukiwapiga usoni, mkoba wa Profesa begani kwa Fulvia kama kawaida.

"Tangazo linatoka Septemba," Malvezzi alisema.

Fulvia akamgeukia. "Septemba hii?"

"Hii hii." Akasimama, akautazama ukuta wa bandari. "Ni la Ginevra."

Fulvia alidhani ni utani. Malvezzi hakuwa mtu wa utani.

"Lakini Profesa, ulisema..."

"Nilisema, nilisema! Amekuja na mradi wake, na fedha za mradi zinamfuata yeye. Wakubwa wamenibana, ningefanyaje? Mimi ndiyo naondoka, binti yangu. Hawanisikilizi tena."

"Na mimi je?"

"Wewe una sifa kuliko nafasi yenyewe. Wote wanajua." Alikohoa. "Ila nina ombi moja. Na wewe omba. Mshindani akiwa peke yake watu wataanza maneno. Jina lako linaheshimika, mambo yataonekana yamekwenda sawa. Halafu siku ya usaili, basi, mafua hayachagui mtu."

Loo! Mtu amekuchinja, na bado anakuomba umshikie kisu. Fulvia akatamani kuutupa ule mkoba baharini, na mwenyewe aufuate. Akajisikia akisema, "Sawa, Profesa." Alikuwa amelisema neno hilo miaka kumi na tano, likatoka lenyewe.

"Mama yako tusimwambie leo," Malvezzi alisema. "Tusimharibie chakula chake."

Bonaria aliwangoja mlangoni, amevaa hereni za lulu za arusi yake.

"Karibu, Profesa, karibu! Mbona mwembamba hivi? Huko kaskazini mnakula makaratasi?"

Malvezzi alicheka, akala, akaongezwa, akala tena. Alisifu mchuzi, alisifu divai, alisifu hata picha ya marehemu baba yake Fulvia ukutani. Fulvia alikuwa akienda na kurudi na sahani, ili asikae.

"Sasa niambie, Profesa, uso kwa uso," Bonaria alisema. "Binti yangu lini?"

Malvezzi alijifuta mdomo taratibu. "Bibi Bonaria, binti yako ndiye wa kwanza kwenye foleni."

"Umesikia, Fulvia? Umesikia mwenyewe!" Bibi wa watu akaushika mkono wa Malvezzi, akaubusu. Na yule bwana hakuuvuta mkono wake. Aliuacha pale mpaka mama alipomaliza.

Malvezzi alipoondoka na chupa ya mirto kwapani, pombe tamu ya kienyeji, zawadi ya mwenye nyumba, Fulvia alibaki akiosha vyombo. Aliamua. Atamwambia mama ukweli wote leo, kisha atarudi nyumbani, afundishe chochote, hata watoto wadogo, alale kwenye chumba chake cha zamani. Basi na kungoja. Akafunga bomba.

"Mama, keti kidogo."

"Ngoja mimi kwanza, nisije nikasahau tena. Sista mkuu wa shule ya pale juu alinipigia mwezi uliopita. Mwalimu wao wa Kilatini amefariki, maskini, wakakutaka wewe. Kazi ya kudumu! Nikamwambia, Sista, kwa heshima zote, binti yangu anakuwa profesa, hana haja ya kuhangaika na watoto wa watu. Akapiga tena mara ya pili, nikamkatalia kabisa. Wameshachukua mtu mwingine, ameanza Jumatatu." Bonaria akamtazama usoni. "Nimekosea?"

Unga ulikuwa bado umeganda kwenye kucha za mama yake.

"Hapana, mama. Umefanya vizuri."

"Haya, na wewe ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kukuambia Profesa amefurahi sana," Fulvia alisema, akafungulia tena bomba.