Kimya cha Rukaiya kwa Mjapani

Mtaani Kikwajuni hakuna mtoto wa skuli ambaye hajasimama mbele ya Rukaiya, kanyoosha mikono apimwe sare. Ana miaka ishirini na saba. Aliolewa miezi kumi na moja, akaachwa, akarudi kwa shangazi yake Bi Mwatum na sanduku moja na cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyokaa ukumbini mpaka leo. Hasemi sana. Ukimuuliza jambo, kwanza huutoa uzi mdomoni, ndipo ajibu, na mara nyingi mwenye kuuliza keshachoka kungoja.

Ijumaa moja baada ya alasiri alichukuliwa kwenda kula kwa Mjapani.

Mkahawa wenyewe umo kichochoroni huko Kiponda. Ni mdogo: meza nne, na pembe moja iliyotandikwa majamvi, ambapo watu huvua viatu wakakaa chini kwenye meza fupi. Mwenye kualika alikuwa Bwana Borafya wa Nungwi, ndiye anayewauzia pale jodari na pweza. Keshapita hamsini, mkewe kafariki, mama yake hajiwezi kitandani. Alikuwa kapeleka posa, na masharti yake aliyasema mapema bila kificho: Rukaiya ahamie Nungwi, amtazame bibi mgonjwa, na cherehani aiache mjini, maana yeye hapendi mlango wake ugongwegongwe na watu.

Rukaiya alikuwa na jibu. Alilifanyia mazoezi siku tatu huku akikanyaga cherehani: Ami, sitaki. Maneno mawili tu. Lakini Ami Muhiddin, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye walii wake wa kumwozesha tangu baba yake alipofariki, na mbele ya Ami mtu hasemi mpaka aulizwe.

Wakamkalisha ndani kabisa. Ukuta kulia, Bi Mwatum kushoto, na Bi Mwatum akishakaa chini si mtu wa kuinuka mara mbili. Mbele yao Ami na Borafya. Nadra, msichana anayehudumia, akaleta ubao wa vitonge vya wali. Vingine vimelaliwa na kipande cha samaki, vingine vimefungwa kwa kitu cheusi.

"Nadra mwanangu, jiko lenu limezimika?" akauliza Bi Mwatum.

"Halijazimika, Bi Mkubwa. Ndivyo anavyoliwa."

"Mbichi?"

"Mbichi."

"Subhanallah. Na hiki cheusi?"

"Mwani."

Bi Mwatum akaangua kicheko. "Mwani! Miaka ishirini nimelima mwani Jambiani, maji ya kiuno, mgongo unanikatika, kumbe nabeba chakula!"

"Kula, Bi Mwatum," akasema Borafya. "Jodari huyu nimemleta mwenyewe asubuhi."

"Nnakula, baba. Namwomba radhi samaki kwanza."

Wakacheka wote isipokuwa Rukaiya, kwa kuwa alimsikia Ami akikohoa. Kikohozi kile anakijua. Ami hukitoa kabla ya jambo kubwa. Yale maneno mawili yakampotea. Akatafuta la kufanya. Pembeni mwa ubao palikuwa na kidonge cha kitu kijani, laini. Chatne, akafikiri, ya kotmiri, kama ile ya bajia. Atie mdomoni, atafune taratibu, apate nafasi ya kujikusanya. Akakichota chote, akakipaka juu ya kitonge, akala.

Haikuwa chatne. Mwanzo hakusikia kitu. Halafu ikampanda puani, ikamchoma katikati ya nyusi kama sindano. Koo likajifunga. Machozi yakamwagika.

Na papo hapo Ami akasema, "Rukaiya mwanangu. Bwana Borafya kaja kwa heshima. Mimi nimeridhika, shangazi yako karidhika. Wewe unasemaje?"

Akafungua mdomo. Haikutoka ila pumzi.

"Unasemaje, mwanangu?"

Akatikisa kichwa, akijipepea kwa ncha ya mtandio, na kichwa kikawa kinakwenda kila upande.

"Mtazameni!" Bi Mwatum akanong'ona kwa sauti ya kufika jikoni. "Analia. Haya hizo. Mtoto kalelewa huyo."

"Kimya chake ndiyo ridhaa yake," akasema Ami. "Al-Fatiha."

Mikono ikainuliwa. Fatiha ya kufunga posa haikatizwi. Rukaiya naye akainua yake, maana mikono imezoea, akazisikia aya zikipita moja baada ya moja, na kila iliyopita aliona kama mlango umefungwa na yeye yumo ndani. Amin.

Borafya akamsogezea kikombe cha chai. Alikuwa anatabasamu. "Ulidhani chatne, eh?" akamwambia polepole. "Inaitwa wasabi, pilipili ya Kijapani."

Sauti ya Rukaiya ilikuwa ndiyo kwanza inarudi. "Ulijua?"

"Nlikuona ukiichota."

"Mbona hukunambia?"

"Ningesema nini, na mambo yanakwenda vizuri?"

Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesifu hali ya hewa. Hicho ndicho kilichomtisha. Akajiona yumo nyumbani mwa mtu huyu, koo limemkaba, naye kakaa mbele yake anakunywa chai.

"Ami."

"Naam, mwanangu."

"Mimi si mwari."

Ami vijiti vyake vya kulia vikasimama hewani. Bi Mwatum akamfinya paja chini ya meza.

"Kimya ni cha mwari," Rukaiya akaendelea, akikwaruza. "Mimi nshaolewa, nkaachwa. Wewe mwenyewe ulitusomesha chuoni: aliyewahi kuolewa, mpaka atamke."

Ami akaviweka vijiti chini. Somo hilo kalisomesha miaka thelathini, kwa watoto waliokaa majamvini kama alivyokaa yeye sasa.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Basi tamka."

"Sitaki."

"Koo halijapoa hilo!" akaruka Bi Mwatum. "Nadra, maji! Ni pilipili inayosema hiyo, si yeye."

Maji yakaja. Wakamngoja watu watatu, wamemkodolea macho. Akanywa gilasi nzima, akaiweka chini.

"Sitaki, Ami. Sihamii Nungwi."

Sauti sasa ilikuwa safi. Borafya akachukua kitonge, akakitazama, akakirudisha ubaoni. Ami akajipangusa uso kwa kiganja, na hasira na aibu zote mbili zikawa zinamwonekana.

"Na Fatiha nshaisoma," akasema. "Niirejeshe vipi?"

"Mpelekee marehemu baba."

Ami akamkazia macho. Naye Bi Mwatum, kusikia tu marehemu kaka yake anatajwa, akaitikia "Amin" kabla hajajua anaitikia nini.