Mkaazi wa Wapi

Ilipotangazwa kwamba Oman nayo itatoza watu binafsi kodi ya mapato, jamaa zangu wakaanza kunijia na maswali. Mimi ni mhasibu katika kiwanda kimoja Rusayl, na kwao hilo lilitosha. Ami yangu alitaka kujua kama nyumba anayoipangisha Sib itahesabiwa. Wengi niliwaambia kuwa sheria inawatazama wenye kipato kikubwa, wakaenda zao roho baridi.

Mwenye swali zito alikuwa dada yangu.

Alifanya kazi ya uuguzi Uingereza miaka mingi. Huko aliolewa na huko alimzika mumewe. Mama alipopooza, dada alirudi Maskati kumuuguza, akalala naye chumba kimoja mpaka Mama alipofariki, kisha akabaki nasi. Pensheni yake ilitoka kule, imeshakatwa kodi. Akaniuliza, kama anayeuliza bei ya samaki, kwa nini akatwe na nchi asiyoishi.

Nilimweleza kwamba nchi hizi mbili zina mkataba. Akipata cheti cha idara ya kodi ya hapa kuonyesha kuwa ni mkaazi wa Oman, na akajaza fomu ya kule, makato yatasimama. Cheti kilitoka bila taabu. Fomu tuliijaza baada ya chakula cha mchana, mimi nasoma, yeye anajibu, mpaka tukafika panapoulizwa kama ana nia ya kurudi kuishi Uingereza.

Aliniomba nisome tena. Nikarudia.

"Nnaweza kupaacha patupu hapo?"

"Haiwezekani, dada. Ndilo swali lenyewe."

"Basi iweke kando," akasema. "Nlimwambia narudi."

Ndipo akanihadithia kwamba siku ya kuondoka alipita makaburini kumuaga mumewe, akamwambia anakwenda kwa Mama tu. Pembeni mwa kaburi lile alikuwa ameshajiwekea nafasi yake.

Makato yakaendelea. Mke wangu aliona ni ukaidi, mtu kuacha haki yake ipotee hivi hivi. Nami nilijaribu tena kumfahamisha dada kwamba ile ni fomu ya kodi, si talaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza watoto wanaendeleaje na masomo.

Baadaye figo zake zikashindwa. Akawa mtu wa kusafishwa damu kila wiki, na daktari akamwambia wazi kwamba safari ndefu haziwezi tena. Tulikuwa garini tukitoka hospitali aliponiuliza kama ile fomu ningali nayo.

Tulipofika nyumbani hakutaka nimwandikie. Alichukua kalamu akaandika mwenyewe "hapana", kwa mkono uliokuwa bado na plasta ya sindano. Akalitazama lile neno.

"Nimesema kweli au uwongo?" akaniuliza.

Nilimwambia amesema kweli. Akajifunika mdomo kwa ushungi, akalia taratibu, kama anayeona haya kulia mbele ya mdogo wake. Nilikaa karibu naye.

Makato yalisimama, na sehemu ya yaliyokwishakatwa ikarejeshwa. Hakuigusa. Aliniomba niipeleke kwa shoga yake kule, amtazamie kaburi, asiliache likaota majani.

Hakumaliza mwaka. Tulimzika Sib, karibu na Mama, na watu wengi walikuja kutupa mkono wa pole.

Kisha ikanibidi niwaarifu watu wa kodi wa kule kwamba amefariki. Walijibu kwa adabu, na pamoja na mengine wakataka kujua kama ameacha mume. Niliwaandikia kwamba mumewe alitangulia, na kwamba yuko huko huko kwao.