Mkoba Uliofumwa kwa Mkono wa Kushoto

Ni alasiri ya mwezi wa pili. Jenifer Shija amekaa barazani kwake, mtaa wa Somanda mjini Bariadi, sindano ya krosheti mkononi. Mbele yake kuna kiti kitupu, na juu ya kiti kuna mkoba ambao haujaisha. Nusu ya chini ni kahawia. Nusu ya juu bado haipo. Vitanzi viwili vya mwisho vimebanwa na pini ya nguo visije vikafumuka.

Mkoba huo ni wa mdogo wake, Eufrasia. Ameuacha hapo asubuhi, akasema anakwenda Ngulyati kupalilia pamba na mumewe, na kwamba kesho akirudi ataanza rangi ya njano.

Wingu limejaa upande wa Ngulyati. Simu inalia. Ni shemeji yake, Danford, na leo haanzi na salamu. Anasema radi imempiga Eufrasia wakikimbilia nyumbani. Anasema hajaamka.

Hakuamka. Alizikwa kesho yake, Ngulyati, mvua ikiwa bado inanyesha.

Miezi imepita, na Jenifer, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, bado akisimulia siku ile sauti yake haipandi. Inapanda anapofika kwenye yaliyofuata.

“Radi ni radi,” anasema. “Mimi na radi hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na watu.”

Ugomvi ulianzia msibani. Jenifer alikuwa amebeba sufuria ya maharage alipowasikia wanawake wawili wakinong’ona kwamba mtu anayefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto hawezi kuishia pazuri, na kwamba radi haimchagui mtu hivi hivi. Aliitua sufuria chini. Akawaambia kwa Kisukuma, bila kupaza sauti, wachukue kanga zao waende kwao.

“Hawakwenda,” anasema. “Nyama ilikuwa bado jikoni.”

Eufrasia alitumia mkono wa kushoto tangu alipoanza kushika kijiko. Bibi yao aliufunga mkono huo kwa kipande cha kanga kila wakati wa chakula. Alipofika darasa la pili, mwalimu mmoja alimchapa rula juu ya vifundo vya vidole mpaka akahamia mkono wa kulia, na mwandiko wake ukabaki kama wa mtoto hadi alipomaliza shule.

Alipoolewa, mzee mmoja wa ukweni alirudisha mikono yake nyuma alipoona birika la maji ya kunawa limeshikwa kwa kushoto. Akakataa kunawa, na asiponawa hali.

“Akashinda na njaa kwa sababu ya birika,” anasema Jenifer. “Mtu mzima, ana wajukuu, anamnunia binti wa watu aliyemletea maji.”

Mahali pekee ambapo mkono huo haukusemwa, isipokuwa mara moja tu, ni kwenye baraza hii. Jenifer alijifunza kufuma kwa mtawa mmoja kule Nyalikungu, Maswa, akarudi Bariadi na hamu ya kumfundisha mdogo wake. Walikaa bega kwa bega, kama yeye alivyofundishwa. Haikuwezekana. Sindano ya mmoja ilikwenda kushoto, ya mwingine ikaja kulia, viwiko vikagongana. Jenifer akasema neno ambalo hata leo anatamani angelimeza: basi hamia kulia kama wenzako.

Eufrasia alinyanyuka, akabeba kiti chake, akakiweka mbele ya dada yake, wakatazamana. Kuanzia hapo mkono wa kulia wa mmoja ukawa upande mmoja na mkono wa kushoto wa mwingine, kama mtu na kioo chake. Jioni ile ile alifuma mstari wake wa kwanza ulionyooka.

Mkoba wa rangi mbili ndio mkoba wa kila anayeanza. Unaanza na kitako cha duara, kisha unapanda ukizunguka, mzunguko juu ya mzunguko, hakuna maua wala urembo. Rangi ya chini ni ile inayoficha vumbi, kwa kuwa mkoba utawekwa chini sokoni. Rangi ya juu ni ile ya kuonekana. Ufundi uko pale rangi zinapopokezana: fundo la mwisho la rangi ya zamani halimaliziwi na uzi wake. Linaachwa na vitanzi viwili wazi, na uzi mpya ndio unaolifunga.

Eufrasia aliuacha mkoba wake hapo hapo. Vitanzi viwili vya kahawia kwenye pini, vikisubiri njano.

Siku chache baada ya matanga, mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama, Goodness, alifika barazani. Kikundi hicho ndicho kilichokuwa kikipeleka mikoba kwenye duka moja Lamadi, ambako wasafiri husimama wakielekea mbugani. Mkoba mmoja huuzwa shilingi elfu kumi na tano, na karibu nusu yake hurudi kwenye uzi. Hilo nalo linamuudhi Jenifer. Amezaliwa kwenye pamba, amepalilia pamba, kila msimu anayaona malori ya pamba yakitoka mkoani, na uzi wa kufumia anaununua kutoka Mwanza ukiwa umefungwa kwenye nailoni yenye maandishi asiyoweza kuyasoma.

Goodness alitoa pole, akanywa chai, kisha akasema lililomleta. Uzi wa mkoba ule ni wa kikundi. Ufumuliwe, uviringwe, urudishwe. Akaongeza, akiangalia pembeni, kwamba na wanachama nao wanaogopa kuuona.

“Mwenyekiti,” Jenifer akamwambia, “kama mkoba una mkosi, huo uzi mkishaufumua mtamvalisha nani?”

Goodness akasema asimuelewe vibaya, yeye hana imani hizo. Ila hata huko nyuma mikoba ya marehemu ilikuwa na kasoro, mafundo yamelala kinyume, na kikundi kina viwango vyake. Kama Jenifer anataka mkoba umaliziwe, aumalizie sawasawa kabla ya mkutano wa mwezi unaofuata. Asipoweza, ufumuliwe mbele ya wote.

Jenifer anasema hapo ndipo alipojua kwa nini kwa miaka yote mikoba ya Eufrasia ilipangwa chini ya furushi. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuirudisha. Wateja hawakujua kabisa. Aliyejua ni anayepanga furushi.

“Alikufa akidhani mikoba yake inachelewa kununuliwa kwa sababu ya rangi,” anasema. “Alikuwa ananiuliza, dada, nibadilishe rangi?”

Alipoagana na mwenyekiti, alichukua sindano akaanza kuumalizia mwenyewe. Amefundisha mkoba huu kwa wanawake wengi kuliko anavyokumbuka. Alidhani angeumaliza kwa siku mbili. Akakwama mwanzoni kabisa. Mizunguko ya Eufrasia ilikwenda kinyume na yake. Ili aiendeleze kwa mkono wa kulia, Jenifer ilibidi augeuze mkoba ndani nje, na akiugeuza, njano yote inaonyesha mgongo wakati kahawia inaonyesha uso. Ukionwa kwa mbali, ni mikoba miwili iliyogombana.

Alifumua mizunguko yake. Akarudisha pini. Usiku hakulala vizuri kwa hasira, na asubuhi alihamishia sindano mkono wa kushoto.

“Mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine,” anasema. “Nikashika uzi, ukaanguka. Nikashika tena. Nikajiambia, kumbe ndivyo tulivyokuwa tunamtaka afanye kila siku.”

Alihitaji mtu wa kumtazama, anayefuma kwa kulia, akae mbele yake. Mwanafunzi aliyekuwa karibu ni Mwandu, mama wa miaka hamsini na kitu anayeuza dagaa wa Lamadi sokoni, ambaye alikuwa bado kwenye mkoba wake wa kwanza na kwa kuwa alifuma polepole mno hakuna aliyetaka kukaa naye jozi. Jenifer alimkalisha kwenye kiti cha mwalimu. Yeye akakaa kwenye kiti cha Eufrasia.

Kwa majuma matatu majirani walipita wakicheka, maana mwanafunzi alikuwa anamsahihisha mwalimu.

“Mayu mwalimu, hapo umeruka fundo,” Mwandu alimwambia siku moja, akimwita mama kwa Kisukuma ili aanze na heshima.

“Sijaruka.”

“Umeruka. Mimi nimeacha kuruka juzi tu. Nakujua kuruka.”

Alikuwa ameruka. Mizunguko ya njano ikajibana, ikaachia, ikajibana tena. Mdomo wa mkoba ukainamia upande mmoja. Lakini mafundo yalielekea kule kule yalikokuwa yakielekea mafundo ya kahawia, na mahali rangi zinapokutana hapana mshono unaoonekana. Vile vitanzi viwili vilifungwa na uzi wa njano kwa mkono wa kushoto, kama vilivyokuwa vinasubiri.

Kwenye mkutano, mkoba ulipitishwa mkono kwa mkono. Wawili walikataa kuugusa. Mmoja alicheka ule mdomo. Goodness aliuweka mezani, akasema kwa sauti ya kusikitika kwamba huu ni mkoba wa mwanafunzi, duka haliwezi kuupokea, na kwa hiyo uamuzi unabaki ule ule.

Jenifer alisimama. Anasema alikuwa ameandaa maneno mengi, mengine makali, na yote aliyasahau. Alitoa kwenye mfuko mabonge mawili mapya ya uzi, moja la kahawia, moja la njano, akayaweka mbele ya mwenyekiti.

“Uzi wenu huo,” alisema. “Huu haufumuliwi. Mmemfunga mkono, mmemchapa, mmemnyima kunawisha watu, mkaificha kazi yake chini ya furushi. Sasa mnataka na alichobakiza kirudi kuwa uzi.”

Goodness alimkumbusha kwamba nje ya kikundi hana duka la Lamadi. Jenifer akasema anajua. Akatoka na mkoba wake. Mwandu akanyanyuka nyuma yake, ingawa yeye hakuwa mwanachama na alikuja tu kusikiliza.

Mwenyekiti alipoulizwa kuhusu mkutano huo, alisema kikundi kinaongozwa na utaratibu na hakina chuki na mtu, awe hai au marehemu.

Jenifer hajarudi kikundini, na kipato chake kimepungua. Mikoba yake sasa anaipanga mwenyewe kwenye meza ya dagaa ya Mwandu, ikinunuliwa mmoja mmoja, na anakiri kuwa baadhi hunukia samaki. Anachotaka ni kupata chumba cha kufundishia karibu na soko, na apate uzi wa pamba ya hapa hapa Simiyu, hata kama utakuwa mnene na una makapi. Danford amemwahidi magunia mawili ya pamba ya shamba lile siku atakapopatikana mtu wa kuisokota.

Kwa sasa darasa liko barazani, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Swali la kwanza kwa anayekuja kujifunza si jina wala anakotoka. Anaulizwa anatumia mkono gani, na anapewa muda wa kujibu, kwa kuwa wapo watu wazima wanaotazama kwanza barabarani kabla ya kusema.

Mkoba wa kahawia na njano umetundikwa kwenye msumari mlangoni, mdomo umeinama, ndani umejaa sindano za kuazima. Hauuzwi.

Wanafunzi wanaotumia mkono wa kushoto sasa ni wawili. Kiti cha Eufrasia ni kimoja, kwa hiyo wanakikalia kwa zamu.