Kifyatulio cha Nekesa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizokaa Dubai, mwanangu, si siku ya mshahara wala siku ya kurudi nyumbani. Ni siku niliyosema neno moja tu, "takataka," na mzee mmoja akataka nimwoneshe hiyo takataka iko wapi.

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, na watoto wangu watatu niliwaacha Kitale kwa dada yangu. Lakini katika kazi ile nilikuwa mtoto mchanga. Nilikuwa msaidizi katika chumba cha silaha cha klabu moja ya kulenga shabaha, nje ya mji, kule ambako mchanga unaingia barabarani kila upepo ukivuma. Watu walikuja pale kwa mchezo tu: watalii, matajiri, na akina mama wa Kiarabu ambao walikuwa na siku yao. Sisi kazi yetu ilikuwa kusafisha bunduki, kuzikagua na kuzifungia. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Suleiman. Wazazi wake walitoka Unguja zamani wakahamia huko, naye alizeeka akisema Kiswahili cha kwao utadhani ameteremka jana. Aliniita "mwanangu." Mimi, mama wa watoto watatu! Mwanzoni niliudhika. Siku hizi natafuta mtu wa kuniita hivyo na simpati.

Getini, mahali nilipoanzia hata mimi, alikuwapo Nekesa, msichana wa Bungoma, askari wa kampuni ya ulinzi. Tulilala naye chumba kimoja katika nyumba ya wafanyakazi Al Qusais, vitanda vyetu vikitazamana. Jua la mwezi wa nane kule sitakueleza ukaelewa. Kuna jioni alivua kiatu tukaona soli imebanduka kwa joto la lami, tukacheka. Basi klabu ikatangaza kwamba inatafuta mwanamke wa kuwafundisha wale akina mama. Nekesa alikuwa na jicho. Siku ambazo wafanyakazi waliruhusiwa kupiga, alitushinda wote. Meneja akamwambia, "Alhamisi utapimwa." Akifaulu, atatoka getini na kuingia ndani, mwenye kazi na jina. Akishindwa, atabaki na jua lake.

Shida ilikuwa bunduki. Aliazimwa moja kuukuu ya risasi ndogo, na kifyatulio chake, pale kidole kinapovuta, kilikuwa kigumu kupita kiasi. Ukivuta, mdomo wa bunduki unasogea, na risasi inakwenda kumsalimia jirani. Aliomba akibadilishe, akaruhusiwa. Lakini anunue mwenyewe, kiingie kwa kibali cha klabu, maana nchi ile haina mchezo na silaha hata skrubu yake, na sisi tukikague kabla ya kufungwa. Akanunua cha bei ya chini kabisa alichokiona, cha watu wengine, si cha waliotengeneza ile bunduki.

Siku kilipofika alikuja mbio chumba cha silaha, kofia mkononi.

"Rodha, imefika! Si unifitie leo leo nianze practice?"

Nikafungua. Kifuko chepesi cha nailoni, karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kiingereza cha kuchechemea, na kipande cha chuma cheusi kisicho na jina. Maishani nilishauziwa pasi iliyokufa siku ya pili na redio ambayo haikuwahi kulia, kwa hiyo nilijiona nina digrii ya bidhaa feki. Nikakirudisha kifukoni.

"Hii ni takataka," nikasema. "Rudisha."

Nekesa aliinamisha kichwa akaanza kufunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Mwanangu, ningekuwa na akili siku ile ningetazama vidole vyake badala ya kile kifuko.

Mzee Suleiman alikuwa nyuma yangu na gilasi yake ya chai. "Umekipima?" akauliza.

"Mzee, bei yake tu inaonesha."

"Sikukuuliza bei. Nimekuuliza, umekipima?"

Nikakitazama tena kile kifuko.

"Basi sikiliza, mwanangu. Ukisema kibovu, nioneshe ubovu wake. Ukisema kizima, nioneshe uzima wake. Wewe hujaona kitu, umeona mfuko. Na mwenzio umemkata moyo kwa mfuko." Akaweka gilasi chini. "Haya, yalla, kitoe. Na ukikipitisha, pa kusimama wapajua."

Nilipajua. Klabu nzima ilijua desturi ya yule mzee, ambayo hakuiandika popote na hakuna aliyethubutu kuivunja. Fundi aliyeipitisha bunduki, siku inapopigwa mara ya kwanza, husimama begani kwa mpigaji. Si mlangoni, si nyuma ya kioo. Begani. Mzee alikuwa akisema mtu akijua atasimama wapi, mikono yake haiwi mizembe.

Tukaanza. Kwanza nikahakikisha bunduki haina risasi, mimi kwa jicho na kidole, na yeye baada yangu, ingawa aliniona. Tukafunga kile kifyatulio, tukatia ganda la plastiki mahali pa risasi ili tusiumize chuma kwa kufyatua bure. Nikachukua ile mizani ndogo ya ndoano, nikavuta, nikasoma uzito unaotakiwa kukifyatua. Nikavuta tena na tena. Kila mara mshale ulisimama pale pale. Nikamtazama Mzee. Akawa anatazama dari, muungwana, asinione nikiaibika.

Tukajaribu kizuizi cha usalama: unakifunga, unavuta kifyatulio kwa nguvu, unaachia, kisha unakifungua kizuizi taratibu. Kitu kibovu hapo hujifyatua chenyewe. Kile kilitulia. Tukafunga komeo la bunduki kwa kishindo. Kikatulia. Tukapangusa mafuta, tukanyunyiza vumbi la dirishani, lile laini la kule linaloingia hata kwenye kope. Kikafanya kazi. Moyo wangu ukageuka kabisa. Nikakilegeza mpaka mwisho, kama karatasi ilivyojisifu kwamba kinaweza, nikampa Nekesa ajaribu. Kidole kiligusa tu, tak!

"Wueh! Rodha, hii ni siagi!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Hapo hapo, usiguse tena!"

Nami nilikuwa tayari kusema ndiyo. Ona basi, mwanangu: asubuhi nilikikataa bila kukitazama, na kabla ya mchana nilitaka kukikubali kwa sababu rafiki yangu amefurahi.

Mzee akanisogezea nyundo ya mpira, iliyotoka kwa fundi mmoja wa Ras Al Khor anayenyoosha milango ya magari. Nikafunga komeo, nikagonga kitako cha bunduki, si kwa nguvu sana. Tak. Kimejifyatua, hakuna kidole karibu.

Nekesa akasema kwa sauti ndogo, "Lakini Rodha, nani atakuja kuigonga na nyundo? Please. Iwache hivyo. Alhamisi tu, halafu mkaze vile mnataka."

Alikuwa ananiomba, mwanangu, mtu niliyekula naye sahani moja. Nilimtazama Mzee aniokoe. Akachukua gilasi yake, akatoka nje. Niliumia siku ile. Leo nashukuru kwamba alitoka.

Nikashika bisibisi. Nikakaza kidogo, nikagonga, kikajifyatua. Nikakaza, nikagonga. Niliendelea hivyo mpaka pakafika mahali ambapo niligonga kitako, nikagonga ubavu, nikagonga mpaka mkono ukachoka, na kikakaa kimya. Hakikuwa siagi tena. Kilikuwa kigumu kidogo, lakini safi, na chepesi kuliko kile cha zamani kwa mbali. Nikamwambia, "Hapa ndipo kinapoweza. Zaidi ya hapa kinadanganya." Hakuniaga. Kwenye basi la Al Qusais alikaa kiti cha mbele, na kwa siku zile zote alifanya mazoezi bila kunisemesha.

Alhamisi meneja akaja na akina mama wawili wa klabu. Nekesa akakaa kwenye meza ya kupigia, nami nikasimama begani kwake. Akapiga ya kwanza, ya pili, tundu zikakaa karibu karibu. Nikaanza kupumua. Alipokwisha kupakia nyingine na kufunga komeo, jasho la mkono likamponza: bunduki ikamteleza na kitako kikagonga ukingo wa meza, ko! kama ile nyundo, au zaidi. Mdomo wa bunduki ulikuwa bado umeelekea upande wa shabaha, lakini ulikuwa umeinuka, juu ya ukuta wa mchanga unaozuia risasi, kule ambako hatujui nani anapita.

Hapakutokea kitu. Ukimya mtupu. Mwanangu, nimesikia kwaya nyingi na nimesikia watoto wangu wakicheka, lakini sijawahi kusikia kitu kitamu kama ukimya ule.

Nekesa aliishusha polepole, akaondoa kidole mbali, akaniangalia. Uso ulikuwa umepauka. "Rodha," akasema, basi. Kisha akajiweka sawa, akavuta pumzi, akamaliza risasi zake. Meneja alimsifu kwa tundu zake, lakini yule mama mmoja alisema alichopenda yeye ni jinsi msichana alivyotulia bunduki ilipomteleza. Wiki iliyofuata alikuwa ndani. Jioni ile ya kupimwa, kwenye basi, alikaa karibu nami, akanilalia bega mpaka tukafika.

Sasa nikwambie kilichobaki, ambacho ndicho kinachonifanya nimwombee yule mzee kila nisalipo, mimi kwa njia yangu na yeye kwa yake. Nilipomshukuru kwa kunizuia siku ile, alicheka. "Hata weye uliletwa hivyo hivyo," akasema. "Arbab, tajiri mwenye klabu, alikutazama mara moja tu. Akasema, mwanamke wa getini, kwao mbali, umri umekwenda, huyu wa nini? Nikamwambia, nipe nimpime kwanza."

Hapo ndipo nilipokumbuka majuma yangu ya kwanza katika chumba kile. Kila nilipoinua kichwa, Mzee Suleiman alikuwa amesimama karibu na bega langu, kimya, na gilasi yake ya chai. Nilidhani ananichunga nisiibe risasi. Niliwahi hata kumsengenya kwa Nekesa. Kumbe alikuwa amesimama mahali pake.

Kwa hiyo, mwanangu, iko siku utapewa kiti cha kusema hiki kinafaa, hiki hakifai, huyu aingie, huyu arudi. Usikatae kitu kwa sababu ya mfuko kilichokuja nacho. Kipime. Na ukishakipenda, ndipo ukigonge zaidi, maana jicho lenye furaha halioni vizuri. Rafiki akikuomba upunguze ukweli kidogo tu, mnyime, akununie. Heri akununie yu mzima. Ukishampitisha mtu, usimwache na kukimbilia ofisini. Simama naye siku yake ya kwanza. Na kama wewe umefika ulipofika, geuka utazame begani kwako, uone ni nani alisimama pale ukamdhania mlinzi. Kama yu hai, mpigie simu leo.

Mungu akujalie mikono yenye subira na moyo usiodharau. Na siku utakapoteleza, maana utateleza, kila ulichokikaza vizuri kikae kimya.