Kuosha Kiti cha Nyuma

Gari la Papa, ndivyo tulivyomwita baba, lilikuwa na harufu ambayo hadi leo sijaikuta mahali pengine. Lilipoachwa juani asubuhi nzima na mtu akafungua mlango, hewa ya moto ilimjia usoni ikiwa imebeba maziwa yaliyomwagika na kuchacha, samaki wa ziwani, petroli, jasho la watu, na chini ya hayo yote harufu ya viti vyenyewe. Vilikuwa vimevikwa ngozi ya bandia, ile ambayo mafundi huiita vinili, na zamani ilikuwa na rangi ya maziwa. Sisi hatukuwahi kuiona rangi hiyo. Tulipolijua gari lile, viti vilikuwa vimeshakuwa vya kahawia, mahali pengine vyeusi, kwa sababu vumbi jekundu la barabara ya Nakivale, kambi ya wakimbizi tuliyoishi huko Uganda, lilikuwa limeingia kwenye vijimikunjo vya ile ngozi na kukandamizwa humo na migongo ya abiria mwaka baada ya mwaka. Utomvu wa ndizi ulikuwa umeacha madoa yasiyofutika, na makaa yalikuwa yamejipaka kwenye milango. Kaptula za mdogo wangu zilinata pale alipoketi, naye alipenda kujibandua polepole ili asikie ile sauti.

Gari halikuwa letu. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Mbarara aliyemwamini Papa kwa kuwa alikuwa ameendesha malori huko Uvira kabla vita havijatutoa Kivu Kusini, huko Kongo. Papa aliondoka kituoni alfajiri na akina mama waliokwenda sokoni na vikapu vyao, na jioni alirudi na chumvi, sabuni na watu waliochoka. Aliwabeba pia wagonjwa. Watu walijua kwamba wakibisha kwa Papa Furaha hawatarudishwa. Furaha ni mimi. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na nilijivuna kusikia jina langu likiitwa na watu nisiowajua kila gari lilipopita.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Koko Nabintu. Koko ndivyo tunavyomwita bibi. Aliishi na bintiye mmoja, Nyota, ambaye mumewe alipotelea Kongo wakati wa kukimbia. Nyota alifika Nakivale akiwa mjamzito. Alikuwa msichana wa kucheka, aliyenisuka nywele huku akiimba nyimbo za kwaya ya kanisa letu. Kiangazi hicho Koko alikuwa amekwenda Kikagate kuuza maharage, akitumaini kurudi kabla ya siku za binti yake kutimia, lakini uchungu ulimwanza Nyota mapema. Mkunga wa mtaani alihangaika naye tangu asubuhi, kisha akasema kazi imemshinda, apelekwe Mbarara. Mama alipanda naye kiti cha nyuma, akampakata kichwa. Mtoto alizaliwa njiani, gari likiwa linakwenda. Nyota alitoka damu nyingi, akafa kabla hawajaona mabati ya Mbarara. Mtoto aliishi. Hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Siku ile nilichoona ni Papa akishuka garini jioni, akapita mbele yetu bila kutusalimu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba akiwa ameuegemea ukuta.

Koko alifika siku iliyofuata, mazishi yakiwa yameisha. Joto lilikuwa kali, nao wazee wa kanisa waliona hawawezi kungoja. Hakupiga kelele. Aliketi karibu na kaburi hadi wanawake walipomwinua. Baadaye mtoto alipotolewa hospitalini alimfunga mgongoni, akamwita Mapendo, akaendelea kupita njia iliyo mbele ya nyumba yetu akienda kutafuta maziwa. Alipopita alisalimia. Mama alimpelekea uji, naye akaupokea na kushukuru, lakini habari ya siku ile hakuna aliyeigusa, yeye wala sisi. Hofu ya kuitaja ilikuwa imekaa katikati yetu kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Gari nalo likakaa. Papa alilifunika kwa turubai, akawa analizunguka kwa mbali. Alipojaribu kurudi kazini, alisubiri kituoni mpaka jua likawa la utosini na hakuna aliyepanda. Watu hawakumlaumu. Walisema tu kwamba wanangoja gari jingine, huku macho yao yakikwepa kiti cha nyuma. Baadhi ya wanawake walinong'ona kwamba gari alimofia mzazi lina kiu ya damu. Mwenye gari akatuma ujumbe kuwa kama halifanyi kazi atamtuma mtu alichukue. Tuliishi kwa gari lile. Shamba letu lilikuwa dogo, na mahindi yalikuwa yamekaukia humo humo. Jioni moja Mama alimwambia Papa, "Kesho nitaliosha." Papa akajibu kwamba ameshaliosha. "Uliosha nje," Mama akasema. "Mimi naingia ndani."

Kesho yake tulianza, Mama na mimi. Alichemsha maji, akayapooza hadi yawe ya uvuguvugu, akakoroga vipande vya sabuni ya mche mpaka povu likasimama. Alinionya nisimwage maji juu ya kiti, kwani yangepenya kwenye mishono na kuozesha sifongo iliyo ndani. Kazi yenyewe ilitaka uvumilivu. Alichukua eneo dogo, kama upana wa sahani, akalisugua kwa brashi laini kwa kuzungusha, huku na huku, ili nywele za brashi ziingie katika kila kijimkunjo, na kabla povu halijakauka mimi nililipangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Povu lilipanda jeupe na kushuka likiwa na rangi ya matofali. Tuliporudia, likashuka na rangi ya chai. Tuliporudia tena, ikaanza kuonekana ile rangi ya maziwa ambayo hatukuijua. Nakumbuka nilivyoshangaa, kama mtu aliyefunua uso wa mtu mwingine chini ya uso aliouzoea.

Fundi mmoja wa baiskeli, Mnyankore, mwenyeji wa huko, aliyekuwa na kibanda kituoni, alitupitia akatuhurumia. "Mama, wewe nachoka bure," akasema. "Weka petroli, hiyo uchafu natoka yote saa hii." Mama akajaribu kwenye pembe ya mlango. Uchafu ulitoka kweli, lakini ngozi ikaanza kunata, rangi yake ikabaki kwenye kitambaa, na ilipokauka ikawa ngumu na kupasuka vijistari. Mama alimshukuru fundi, akarudi kwenye sabuni yake. Tulisugua dashibodi, milango, viti vya mbele. Kwenye mishono alitumia mswaki mkuukuu. Vidole vyake vilichubuka, na jioni alivipaka mafuta ya mawese. Kiti cha nyuma alikiacha kwa mwisho. Damu alikuwa ameshaipangusa siku ile ile kwa kitenge chake, lakini upande wa kushoto, pale mgongo wa kiti unapokutana na sehemu ya kukalia, mshono ulikuwa umebaki na mstari mweusi.

Tulikuwa tumeinama hapo ndipo Koko Nabintu alipokuja, mtoto akiwa amelala mgongoni. Alisimama mlangoni mwa gari akitutazama. Mama alijaribu kuufunika ule mshono kwa kitambaa, kama mtu anayeficha kitu mezani mgeni akiingia.

"Mama Furaha," Koko akasema akiuonyesha ule mshono, "hiyo fasi niachie."

"Koko, ikala tu upumuzike. Tunamaliza sisi," Mama akasema akimwonyesha pa kuketi.

"Hapana. Mutoto wangu balimuosha nikiwa mu njia. Sikumugusa. Hii ndiyo imebakia."

Mama alitoka garini akampa mswaki. Koko alifungua mbeleko, akanikabidhi mtoto, akapiga magoti juu ya sakafu ya gari na kuanza. Hakuharakisha. Alisugua mshono ule tundu baada ya tundu, akichovya mswaki, akipangusa, akivuta kidogo ngozi ili afikie chini yake, na maji yalipochafuka nilikuta Papa ameshaleta mengine. Sikujua alitokea nyuma ya nyumba saa ngapi. Alisimama na jerikani mkononi, hakuondoka.

Koko akauliza bila kugeuka, "Alisema kitu?"

Mama alimtazama Papa. Papa ndiye aliyejibu. "Alisema, Koko. Aliuliza mutoto ni wa namna gani. Tulimwambia ni binti." "Akasema: basi, mama hatabakia peke yake."

Mkono wa Koko ukasimama. Alilaza paji la uso kwenye kiti kile, pale penye unyevu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Kikagate tukamsikia akilia. Mama akaingia akapiga magoti kando yake. Papa alikaa chini mavumbini na kulia pia, na mimi niliyekuwa sijawahi kuona hilo nikamkumbatia mtoto kwa nguvu hadi akaamka. Walipotulia, Koko aliosha uso kwa maji yaliyobaki, akamaliza mshono, akaukausha kwa pindo la kitenge chake. Kisha akamwambia Papa, "Kesho huyu mutoto anapashwa kuonwa na muganga kule Mbarara. Utatubeba?"

Asubuhi kituo kizima kiliwaona. Koko alipanda nyuma, upande wa kushoto, akampakata Mapendo, akashusha kioo ili kila mtu amwone alipoketi. Papa alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza. Alizunguka kituo polepole. Walipokaribia njia ya kutokea, mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya alinyoosha mkono, akapanda, akaketi kando ya Koko. Wiki ile haikwisha kabla viti havijajaa tena. Mwenye gari hakumtuma mtu, na Papa aliliendesha miaka mingi, mpaka lilipochoka kabisa.

Sasa ninaishi Nyamitanga, mtaa wa Mbarara, na kila siku napita wanapooshea magari karibu na mto Rwizi. Vijana wana mashine za maji na za kufyonza vumbi. Kazi iliyotuchukua siku kadhaa huisha kabla mwenye gari hajamaliza soda yake. Barabara ni bora, simu zipo, gari la wagonjwa huja, na wanawake wengi wanaofanana na Nyota hurudi nyumbani na watoto wao. Nashukuru kwa hayo yote, wala sitamani kurudi. Lakini mwaka jana jirani yangu wa hapa alimpoteza bintiye njiani akipelekwa hospitali. Nilipokwenda kumpa pole aliniuliza kama naweza kumsaidia kujua ni gari gani lililombeba, ili akakiguse kiti alichofia. Tuliulizia kote mjini. Bila shaka lilikuwa limeshaoshwa na kurudi barabarani, na hakuna aliyelijua.