Barua Nyuma ya Saa

Ijumaa ile Malachy Tuohy ndiye aliyepika uji. Nora, mkewe, alikuwa amekohoa tangu Jumanne, na Malachy alitaka akae kitako japo asubuhi moja. Akawasha jiko, akachemsha maji, akakoroga unga wa shayiri mpaka mkono ukachoka. Akaweka bakuli mbele ya mkewe.

"Sili," Nora akasema. "Leo ni siku ya kufunga."

Ilikuwa kweli. Wiki ile ya Septemba Kanisa lilikuwa na siku tatu za kufunga, na Nora hakuwa mtu wa kuziruka. Siku kama hizo hakutia kitu kinywani mpaka saa sita mchana, hata maji.

"Wafanyao kazi ngumu wamesamehewa," akasema Malachy.

"Mimi sipuri ngano."

"Unakwenda kuwapikia wanaume ishirini wanaopura ngano. Na kifua hicho. Kula."

"Wewe mzee umekuwa padri tangu lini?"

"Tangu wenyewe walipokataa kuja."

Nora akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia akachukua kijiko.

"Huu uji hauna chumvi."

"Chumvi ile pale."

Hakuinuka kuichukua. Alikula uji wote, akala na kipande cha mkate, akashushia maziwa ya mgando. Nyuma ya saa, juu ya rafu, barua ya askofu ilikuwa imelala tangu Jumatatu na lakiri yake nyekundu. Hawakuitazama.

Malachy ameirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi. Haikuwa na chochote. Ilikuwa asubuhi kama nyingine, na hilo ndilo linalomkera.

*

Cloonagh ilikuwa na nyumba ishirini na tatu, mwendo wa siku mbili magharibi ya mto Mississippi. Watu wake wote walitoka upande mmoja wa Clare, ng'ambo ya bahari, mwaka ule viazi vilipooza ardhini. Walikuja na rozari zao na majembe. Padri hawakuja naye.

Katika nyumba zote hizo, mtu aliyejua kusoma na kuandika alikuwa mmoja, Honora Tuohy, ndiye Nora. Alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akikusanya watoto nyuma ya ua wa miiba na kuwafundisha herufi kwa mkaa. Malachy mwenyewe alijua kutia alama tu.

Basi kila mwaka, mavuno yakiisha, watu walikusanyika Jumapili baada ya rozari, meza ikatolewa nje, Nora akakaa na kalamu. Kila mtu alisema lake.

"Mwambie ng'ombe wangu amekufa," Bartley Considine alisema mwaka mmoja.

"Askofu si daktari wa ng'ombe, shemeji."

"Aombee basi."

"Amekwisha kufa, aombewe nini tena?"

Watu wakacheka. Nora akaandika: Mhashamu Baba Askofu, sisi wanao wa Cloonagh tunakuomba padri, hata kwa siku moja.

Majibu yalikuja. La kwanza lilisema wasubiri. La pili lilisema wajenge kanisa kwanza. Wakakata magogo, wakajenga. La tatu liliuliza kanisa lina ukubwa gani. Halafu askofu akafa, na karani wa askofu mpya akaandika kuwauliza wao ni akina nani. Nora alikaa na barua ile magotini siku nzima. Tangu washuke merikebuni alikuwa hajapokea Komunyo, na mpaka Septemba ile ya uji ulikuwa mwaka wa tisa. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini Jumapili, wengine wakishamaliza rozari na kuondoka, yeye alibaki amepiga magoti mbele ya altare tupu, mpaka Malachy akamwita viazi vinapoa.

Jibu la tano ndilo lililoleta fitina. Nora alilifungua nyumbani, akalisoma, Jumapili akawaambia watu: askofu anataka hati ya kiwanja cha kanisa iandikwe kwa jina lake, ndipo atume padri.

Kiwanja kile alikitoa Bartley.

"Askofu ndiye amesema," akauliza Bartley, "au Nora ndiye amesema?"

Barua ikapita mkono kwa mkono. Wanaume wasiojua herufi waliigeuza chini juu, wakaitazama kama watu wanaonunua farasi. Malachy alimwendea Bartley amekunja ngumi, wakamshika.

Nora hakupandisha sauti. Alisema, "Kuanzia leo barua ya askofu sitaivunja lakiri peke yangu. Itafunguliwa Jumapili, baada ya rozari, mbele ya kila mtu. Asiwepo tena wa kusema Nora ameficha, Nora ameongeza."

Baadaye waliipeleka barua kwa msaga unga Mjerumani kule mjini, naye akawasomea vilevile alivyosoma Nora. Bartley hakuomba radhi. Alileta gunia la viazi alfajiri, akaliweka mlangoni, akaenda zake. Hati akaitia alama mwezi uleule.

Malachy alidhani yameisha.

"Bartley amekwisha lipa viazi," alimwambia mkewe.

"Viazi tumekula. Neno bado lipo."

*

Jumatatu ya wiki ile Malachy alikuwa amekwenda dukani kwa Pruitt, njia panda, ambako barua zilifikia. Pruitt alikuwa Mmethodisti na hakukosa la kusema.

"Tuohy, Papa amekuandikia tena. Anauliza lini utajifunza kusoma."

"Mwambie siku nikijua, nitaanza na mizani yako."

Aliileta barua nyumbani kifuani. Ilikuwa nyembamba. Nora aliipokea kwa mikono miwili, akaipima, hata akainusa.

"Ifungue," akasema Malachy.

"Jumapili."

"Nora. Tupo mimi na wewe tu."

"Ndiyo maana."

"Huenda ni jambo la haraka."

"Askofu hajawahi kuwa na haraka na sisi miaka tisa. Ataanza wiki hii?"

Malachy alitamani kuichana yeye mwenyewe, lakini angeichana ili iweje? Maandishi kwake yalikuwa nyayo za kuku. Nora akaiweka nyuma ya saa.

Mpaka leo anajiuliza kwa nini hakuibeba siku ileile akampelekea yule Mjerumani. Farasi alikuwepo.

*

Ijumaa, baada ya uji ule, wakaenda wote kwa Bartley, ambako ngano ilikuwa inapurwa. Cloonagh nzima ilikuwa pale. Wanaume walikuwa wamekula tangu alfajiri, mayai na viazi na samaki wa chumvi, maana kupura hakufanywi na tumbo tupu. Wanawake walikuwa wameonja kila sufuria. Watoto nao vinywa vyao havikutulia.

Saa tatu hivi, mtu akatokea juu ya nyumbu. Kanzu yake nyeusi ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Alisimamisha nyumbu pembeni ya lundo la ngano, akatazama watu, watu wakamtazama.

"Hapa ni Cloonagh?" akauliza. Alitoka Ufaransa, maneno yake yalikuwa yakikwaruza.

"Ndiyo, Baba," akajibu Bartley, kofia tayari mkononi.

"Mbona hamko kanisani? Mlipata barua?"

Nora alikuwa amesimama na upawa. Malachy alimwona rangi ikimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka.

"Tuliipata, Baba," Nora akasema. "Iko nyumbani nyuma ya saa."

"Nyuma ya saa inafanya nini?"

Ilichukua muda kumweleza, na hata alipoelezwa hakuelewa. Aliitwa Padri Corvaisier. Alikuwa ametumwa kuzunguka vijiji kumi na vinne kabla ya baridi. Jioni hiyo alitakiwa awe njiani kurudi mtoni, ambako mashua haingemngoja, na Jumapili watu wengine walikuwa wakimsubiri. Saa sita angeondoka.

Alikaa kanisani akaungamisha kadiri alivyoweza. Akabatiza watoto kumi na mmoja, wengine wakubwa wa kutosha kumkimbia. Halafu akavaa mavazi ya Misa, akawageukia.

"Wale ambao hawajala wala kunywa chochote tangu usiku wa manane ndio tu wanaoweza kupokea Komunyo; wasogee mbele."

Hakusogea mtu. Mwishowe mzee Senan Hehir akainuka, shavu limefungwa kitambaa. Jino lilikuwa linamsumbua siku mbili, hakuweza hata kumeza. Mzee huyu hakuwa mwenye bidii ya dini. Rozari yenyewe alikuwa akiisinzilia.

"Mimi sijala," akasema. "Lakini si kwa kutaka."

"Haidhuru," akasema padri.

Bi Delia Garrahy, jirani, alikuwa amepiga magoti karibu na Nora. Malachy alikuwa nyuma yao, akasikia.

"Nenda, Nora. Uji ni maji tu."

"Haukuwa maji."

"Nani anajua ulichokula? Miaka tisa, mwanamke. Nenda."

Nora akainuka. Malachy alidhani ameamua kupokea. Padri naye alidhani hivyo, akamwuliza kwa upole, "Hujala, mama?"

"Nimekula, Baba. Uji, mkate na maziwa. Naomba tu nimfuate mzee Senan nimsaidie kupiga magoti, magoti yake ni mabovu."

Ndivyo ilivyokuwa. Misa waliyoiomba miaka tisa, aliyepokea ni Senan Hehir peke yake, na Nora kamshika kiwiko, ameinamisha kichwa, pua karibu na sahani ya Komunyo. Malachy alitazama visigino vya viatu vya mkewe mpaka Misa ikaisha. Hakusali. Alikuwa na hasira na padri kwa haraka yake, na Bartley kwa ulimi wake, na Nora kwa kiapo chake. Lakini aliyemkasirikia zaidi ni yule aliyemwambia mkewe asubuhi, "Kula."

Saa sita nyumbu akaondoka. Padri alisema atarudi baada ya Pasaka, Mungu akipenda.

*

Jumapili, baada ya rozari, Nora aliileta barua. Watu walidhani ataiacha. Malachy alimsihi njiani aitie motoni.

Akavunja lakiri mbele yao, akasoma kwa sauti, kikohozi kikimkatiza: "Padri Corvaisier atafika kwenu Ijumaa tarehe kumi na nane Septemba, saa tatu asubuhi. Waumini wote wawe wamefunga tangu usiku wa manane. Hataweza kukaa." Akasoma mpaka jina la karani, mpaka tarehe.

Bartley akakuna kichwa. "Ungeifungua tu, shemeji."

Malachy akasimama.

"Keti, Malachy," Nora akasema. Halafu akawageukia wengine. "Karatasi ninayo. Nani ana la kujibu?"

Aliandika mwenyewe, mistari michache, kumwomba askofu amrudishe padri kabla ya theluji. Wino ukadondoka mara mbili. Kabla ya siku ile hakuwahi kudondosha wino.

Wiki iliyofuata hakuinuka tena kitandani.

Jibu lilikuja Jumatano moja ya Oktoba. Malachy alikuwa dukani kutafuta dawa ya kifua. Pruitt akaisukuma barua juu ya meza bila utani wowote, maana habari alikwisha sikia. Malachy hakuitia kifuani. Aliivunja lakiri papo hapo kwa kidole gumba, akampa.

"Nisomee."

"Mimi, Tuohy? Hii ni ya askofu wenu."

"Soma."

Pruitt akavua kofia, Mmethodisti yule, akasoma. Ombi la wana wa Cloonagh limepokelewa. Padri hatapatikana majira haya. Wasubiri mpaka baada ya Pasaka.

"Yameisha?" akauliza Malachy.

"Yameisha. Pole, bwana."

Alipofika nyumbani, Nora alikuwa macho. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye lakiri iliyovunjika.

"Nani ameifungua?"

"Mimi. Pruitt amesoma."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

Malachy alingoja agombe. Angefurahi agombe. Nora akauliza tu, "Kabla ya theluji?"

"Baada ya Pasaka."

Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Malachy akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amelibeba neno lile wiki nne na halikupungua uzito.

"Mimi ndiye niliyekulisha," akasema. "Ulikuwa umefunga. Ungekuwa mbele na Senan. Mimi ndiye."

Siku zile kila neno Nora alilivuta toka mbali. Alikufa Ijumaa, bila padri, Delia Garrahy akiongoza sala. Baada ya Jumatano hiyo alisema mengine madogo, maji, blanketi, funga mlango. Lakini Malachy hayahesabu. Analolihesabu ni hili, alilolisema huku amemshika kidole gumba, kile kilichovunja lakiri:

"Ule uji ulikosa chumvi, Malachy, lakini niliula mwenyewe. Hukunishika mdomo."