Yai Ilipata Jina Kabla ya Mama Yake

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa nasoma sekondari kwa mapadri, kule Kasongo. Siku moja padri wa sayansi akatuonyesha kipande cha ganda, kigumu kama jiwe.

"Hii ni yai ya dinozore, mujusi mukubwa wa zamani sana. Ilikaa ndani ya udongo mpaka ikageuka jiwe."

Nikaruka. "Padri, ya dinozore gani?"

"Hatujui. Mama yake hakuonekana."

"Sasa mutaiita namna gani?"

Akanipa kioo cha kukuza. "Angalia mwenyewe. Ganda iko nene ao nyembamba? Laini ao na mapele? Tundu za pumzi zimepangwa namna gani? Ile njo inapatia yai jina. Jina ni ya yai, hapana ya mama. Hata tukija kumujua mama, yai itabaki na jina yake."

Kengele ililia, sikuisikia. Nilikuwa nawaza mutoto wa dada yangu!

Kwetu Kabambare, dada alikuwa amezaa, na mutoto hakuwa na jina. Jina inatoka kwa ukoo wa baba, na baba ya mutoto alienda kazi ya zahabu upande wa Salamabila, habari yake hatukusikia tena. Majirani walisema tu "kale katoto". Dada alikuwa analia.

Vakansi ya masomo ilipofika, nikarudi kwetu, hata muzigo sikutua. Nikaenda mbio kwa baba mukubwa, mwenye kukata maneno ya jamaa yetu. Mama na dada walikuwa pale wanamenya karanga.

"Baba mukubwa, tusingoje tena! Tumuangalie mutoto mwenyewe, tumupe jina!" Nikaeleza yote, mujusi, ganda, tundu.

Mama akashika kiuno. "Ee! Njo masomo ya Kasongo ile? Kufananisha mujukuu wangu na yai ya mujusi?"

Dada akacheka mpaka karanga zikamwangika.

Baba mukubwa hakucheka. "Na ule mama mujusi akitokea kesho?"

"Yai inabaki na jina yake!"

"Hata ukoo yake ikikasirika?"

"Hata ikikasirika, baba mukubwa."

Akajikuna ndevu. Kidogo nimuvute mukono! Kisha: "Leteni mutoto hapa kwenye mwangaza."

Akafungua kitambaa, akaangalia vidole, nywele, paji. Mutoto akamukamata ndevu.

"Wee! Achilia!"

Wapi! Akazidi kuvuta. Baba mukubwa, machozi kwenye macho, akamupa jina: neno moja ya Kibangubangu, luga yetu, maana yake mutu akishika haachi.

Dada akambeba, akatoka nje, akaanza kumuita ile jina kwa sauti, mpaka majirani wote wakasikia.